Fundi Aliyengoja Mvua

Kila ninapokuta neno "tupo" limeandikwa ukutani, iwe ni kwenye kanisa, zahanati au duka la simu, macho yangu hushuka kwanza kwenye kona ya chini, upande wa kulia. Hapo ndipo mwandika mabango alipokuwa akiacha alama yake, mchoro wa brashi usiozidi ukucha wa kidole gumba. Chini ya neno hilo nimeiona kwenye kuta mbili tu, moja Nchiru na nyingine Siakago. Kwa sababu ya kuta hizo mbili bado nina hasira, na sitajifanya sina.

Tulimwita Fundi. Mafundi ni wengi, wa viatu, wa baiskeli, wa mawe, lakini kuanzia Manyatta ya Embu hadi Nchiru ya Meru ukisema Fundi bila kuongeza neno, watu walijua ni yule mrefu mwenye makopo ya rangi yaliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Alikozaliwa sikujui. Wameru walisema Kimeru chake kina Kiembu ndani, Waembu wakasema Kiembu chake kimejaa Kimeru, na Wambeere walisema hajui lolote kati ya hayo mawili. Kwetu sisi alizungumza Kiswahili, polepole, kama mtu anayepima nafasi kati ya herufi.

Nilimkuta mara ya kwanza Manyatta, msimu niliofanya kazi kwenye kiwanda cha kahawa. Mimi tangu nimalize kidato cha nne sijawahi kukaa mahali pamoja zaidi ya miaka miwili. Nimechuma majani chai, nimeuza mitumba, nimelinda milango ya watu, nimepikia wajenzi. Kila nilipohamia, baada ya muda ningemwona Fundi juu ya ngazi. Hakushuka kunisalimia. Alisema tu, "Mpita-njia, hebu shika hiyo ngazi," kana kwamba tuliachana asubuhi ile. Huwa nazikumbuka siku hizo za Manyatta kuliko inavyonifaa, harufu ya kahawa mbichi ikioshwa, na Fundi akiandika jina la kiwanda kwa herufi ndefu kuliko mimi. Jina hilo bado lipo.

Kazi yake ilikuwa na sheria iliyowakasirisha wateja wote. Jina la duka aliliandika siku hiyo hiyo kwa rangi ya mafuta, ile isiyotoka. "Jina ni jina," alisema. "Hata ukiwa mwizi, ni lako." Lakini ukitaka maneno chini ya jina, yale ya kujisifu au ya kuahidi, hakukubali kuyaandika kwa mafuta. Kwanza alikaa kwako siku nzima, juu ya gunia au kreti ya soda, akitazama. Jioni alikuambia maneno yako ni yapi. Kisha alikulazimisha uyaseme kwa sauti, mbele ya mtu ambaye ahadi hiyo itamhusu. Ukishayasema, aliyaandika kwa chokaa iliyochanganywa na udongo mwekundu, akaenda zake. Mvua ya Aprili ikija, chokaa inaanza kutiririka. Ikiwa bado unayataka maneno hayo na watu wako bado wanayaamini, unamwita aje ayarudie kwa mafuta. Usipomwita, mvua imeshakumalizia kazi.

Muuza nyama mmoja wa Manyatta alitaka aandikiwe "Nyama Safi Kila Siku." Fundi akakaa. Jioni akasema, "Leo ni Jumanne. Sijaona nyama."

"Jumanne hakuna kuchinja, Fundi. Kila mtu anajua hiyo."

"Basi kila siku imetoka wapi?"

"Ni vile watu wanaandikanga."

"Mimi si watu."

Akaandika "Nyama Jumatano na Jumamosi." Muuza nyama alimtukana kwa Kiembu mpaka wapita njia wakasimama. Kisha wanawake wa kutoka mashamba ya mbali, waliokuwa wakipoteza safari, wakajua siku za kuja. Mvua ilipoanza kuyafuta, muuza nyama alipanda kilima chote kumtafuta Fundi, na Fundi akamngojesha wiki moja, kwa ubaya tu.

Maana alikuwa na ubaya. Nisiseme alikuwa mtakatifu. Mjane mmoja wa kibanda cha chai alimwomba amwandikie "Mungu Mbele," naye akamuuliza mbele ya wateja, "Na nyuma kuna nani, mama?" Watu wakacheka, yule mama akaingia ndani na hakutoka mpaka chai ikachemka na kumwagika. Nilimwambia Fundi siku ile kwamba amekosa adabu. Kesho yake nilipita nikakuta maneno hayo yameandikwa, kwa mafuta, na maua mawili pembeni. Nilipomuuliza kwa nini hakutumia chokaa, akasema hiyo si ahadi ya yule mama, ni ya mwingine, na huyo mwingine yeye hawezi kumkagua.

Alichukia uongo wa ukutani, lakini mdomoni alidanganya vizuri tu. Alimwapia mkewe kwamba ameacha kutafuna muguka, yale majani ya kuchangamsha, na majani alikuwa nayo ndani ya kopo la rangi ya kijani lililooshwa. Alichukia mabango ya plastiki yanayochapishwa kwa mashine mjini Meru. "Hiyo ni nguo," alisema, "na ukuta hauvai nguo." Lakini kofia yake ilikuwa ya kampeni ya mtu aliyeshindwa uchaguzi, yenye kauli mbiu ya mtu huyo pande zote, na aliivaa hadi maneno yakapauka. Nyumba yake mwenyewe haikuwa na rangi hata mlangoni.

Kitu kimoja hakukifanya kamwe: kuahidi. Ukimuuliza atakuja lini, jibu lilikuwa lile lile, "Ukiniona, nimefika." Mfanyabiashara wa vitambaa pale mjini Meru, Mwislamu mpole aliyempenda sana, alijaribu kumfundisha kusema inshallah. Fundi akakataa. Alisema hata inshallah inamfanya mtu afungue duka mapema akikungoja. Yule mzee alicheka akamwagiza kahawa. "Wewe Fundi, utakufa bila kumwambia mtu kwaheri, maana kwaheri nayo ni kama ahadi ya kuonana."

Sasa nifike Nchiru, na hapo ndipo damu yangu huanza kuchemka.

Nilikuwa msimamizi wa hosteli moja ya wanafunzi, yule wanayemwita keateka. Kwenye chumba cha mwisho cha ghorofa ya chini walikaa vijana wanne waliomaliza chuo na hawakutaka kurudi nyumbani. Walikuwa na kompyuta tano, sufuria moja, na kitu walichokiita Mwimo. Msemaji wao alikuwa Mutwiri, kijana wa viatu vyeupe. Wawili walikuwa wanyamavu, sina neno juu yao hata sasa. Wa nne alikuwa Kendi, msichana kutoka upande wa Maua, mdogo wa umbo, mwenye simu mbili zisizonyamaza.

Kendi ndiye aliyenieleza Mwimo ni nini. "Anko, wewe umeona mafundi wakimwaga zege. Wanapiga mbao kwanza, si ndiyo? Mtu akitaka kutengeneza programu ya simu, ya shule ama ya nini, anaanza kupiga mbao zake mwenyewe, anamaliza miezi. Sisi tumepiga mbao tayari. Anachukua bure, anamwaga zege yake." Wenyewe waliita fremuweki, na watu wengi walikuwa wameichukua. Mmoja wao alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Siakago, ambaye aliitumia kutengeneza programu ya zamu za maji. Kioski cha maji pale kina tangi moja na vijiji vitatu, na programu ilituma ujumbe kwa kila nyumba: zamu yenu ni kesho asubuhi, leteni mitungi. Kabla ya hapo watu walilala foleni.

Basi wageni wakawa wanakuja. Watu wa kampuni ya Nairobi pamoja na wazungu wawili, kuangalia kama Mwimo inafaa kusaidiwa. Zilibaki siku kumi na mbili. Mutwiri akaamua kwamba Mwimo haina kauli mbiu, na bila kauli mbiu hakuna mtu atakayeikumbuka. Wakabishana wiki nzima. Niliwasikia nikipiga deki. Mimi, kwa ujinga wangu na kwa kutaka kuonekana najua watu, nikasema, "Mimi najua fundi wa maneno."

Fundi alikuja akaketi juu ya kreti katikati ya waya. Ukutani kulikuwa na karatasi zenye maneno yao. Akasoma moja moja.

"'Jenga kesho leo.' Hiyo maana yake nini?"

"Ni kusema, mzee, yaani uko mbele ya wakati," Mutwiri akajibu.

"Kama kesho imejengwa leo, kesho utafanya nini?"

Wale wanyamavu wakacheka. Mutwiri hakucheka. "Soma hiyo ingine basi."

"'Kiunzi cha Afrika.' Afrika gani? Wewe umefika Isiolo?"

"Mzee, hiyo ni brandi. Sisi tunataka kitu fupi, kitu kali, mtu akiiona anaikumbuka."

"Pilipili pia inakumbukwa," Fundi akasema.

Alitazama. Aliona Mutwiri akipanga viti vya wageni na kuvipanga tena. Aliona Kendi akishika simu. Siku ile mwalimu wa Siakago alikuwa amekwama, programu ilikuwa inatuma zamu ya kijiji kimoja kwa kijiji kingine. Kendi alizungumza naye saa nzima na dakika zake. Hakumwambia "soma maelekezo." Alimwambia, "Mwalimu, fungua ile faili ya pili. Umeiona? Hapana, usiogope, hata mimi iliniharibikia hapo. Andika vile nakutajia." Nyuma ya mwalimu ilisikika sauti ya mwanamke akiuliza kama kijiji chake kipate maji au kirudi nyumbani. Huyo alikuwa Mama Wanja, katibu wa kioski. Kendi alipomaliza, Mama Wanja akachukua simu na kumwombea Mungu kwa Kimbeere, na Kendi, ambaye Kimbeere hakijui, akaitikia amina mahali pasipofaa.

Jioni Fundi alisimama. "Maneno yenu ni haya: Ukikwama, Tupo."

Hata Mutwiri alijua ameyasikia maneno yenyewe. Akayarudia mara mbili, na nikaona macho yake yakienda kwa wageni ambao hawajafika. "Mzee, hiyo ni moto."

"Ngoja moto. Nani yupo?"

"Sisi wote."

"Mimi nimekaa hapa tangu asubuhi. Nimesikia mtu mmoja. Siku huyu msichana akiugua?"

"Tutakuwa na timu, mzee. Pesa ikikuja tunaajiri timu nzima ya kushika simu."

Fundi akageuka kwa Kendi. Alimfanya ampigie tena Mama Wanja na ayaseme maneno yale kwa sauti. Kendi aliona haya, lakini aliyasema: "Mama, ukikwama, tupo." Fundi akamtazama Mutwiri, akingoja. Mutwiri naye akainama kwenye simu akayasema, vizuri kuliko Kendi, kwa sauti ya redio.

Fundi akafungua gunia lake akatoa chokaa.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na aliyeharibu ni mimi. Mutwiri alitaka ukuta wa Nchiru uwe wa kung'aa wageni wakifika, na ukuta wa kioski cha Siakago vilevile, ili wapigwe picha hapo na watu wa maji. Chokaa ya udongo haing'ai. Fundi alisema ni chokaa au aende. Nikamfuata hadi kwenye ngazi za nje. Nilimsihi. Nilimwambia hawa ni vijana wetu, wamekula ugali na chumvi mwaka mzima, wageni hawatangoja mvua ya Aprili. Nikamwambia, "Fundi, mara moja tu. Umemsikia Kendi. Kuna mtu umewahi kumsikia hivyo?"

Alitafuna majani yake. Kisha akasema, "Yule msichana sina wasiwasi naye."

"Basi."

"Umeona wewe ukuta mmoja ukishikilia paa?"

"Fundi, tafadhali."

Akaandika kwa mafuta. Nchiru siku ile, Siakago kesho yake. Herufi za buluu, kivuli chake cheusi. Sijaona kazi yake nzuri kuliko ile. Aliponipa brashi nioshe, alisema, "Mpita-njia, nimeandika kwa sababu yako." Nikaona amenipa sifa.

Wageni walikuja. Walipigwa picha chini ya maneno Nchiru, wakapelekwa Siakago wakapigwa picha na mitungi. Mzungu mmoja alitafsiriwa kauli mbiu hiyo akaweka mkono kifuani. Mutwiri alieleza jinsi wazo lilivyomjia akiwa anatembea. Nilikuwa pale, nimebeba viti, na sikusema kitu. Fundi hakuwapo.

Kampuni ya Nairobi iliichukua Mwimo. Iliwachukua Mutwiri na wale wawili. Kendi aliambiwa kwamba kazi yake ilikuwa nzuri, ila kwa sasa hakuna nafasi ya mtu wa kushika simu. Watu wenye shida wataandika kwenye tovuti. Aliniambia haya akikunja blanketi lake. Hakulia. Alisema, "Anko, mimi ndio niliandika nusu ya hiyo kitu, lakini wao wananijua kama mtu wa simu." Aliendelea kuwasaidia watu kutoka nyumbani kwao, bila mshahara, hadi siku kampuni ilipobadilisha pasiwadi. Baada ya hapo aliweza kusikiliza shida za watu, lakini hakuweza kufungua mlango alioutengeneza mwenyewe.

Mutwiri nilimpigia. Nilimpigia mara nyingi. Siku moja aliposhika nikamuuliza nani yupo. Akasema, "Mzee wangu, hiyo ni kauli mbiu tu. Hakuna mtu anasomanga kauli mbiu kama mkataba." Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayemweleza mtoto. Nimetukanwa na watu wengi katika kuhamahama kwangu, na hakuna tusi lililonikaa kama upole ule.

Miezi ikapita. Mimi nikaacha hosteli, kama kawaida yangu, nikaenda Meru mjini kupakia mizigo kwenye bohari. Huko ndiko nilikosikia ya Siakago, kutoka kwa dereva aliyetoka kushusha mahindi kule. Kampuni ilikuwa imetoa Mwimo mpya, na ile ya zamani ikaacha kufanya kazi bila mtu yeyote kuonywa. Asubuhi moja ya kiangazi programu ya kioski ikatuma zamu hiyo hiyo kwa vijiji vyote vitatu. Watu wote walifika na mitungi. Wote walikuwa na ujumbe kwenye simu, wote walikuwa na haki. Mwalimu aliandika kwenye tovuti, akajibiwa na mashine kwamba maoni yake ni muhimu. Mama Wanja alisimama mbele ya bomba akijaribu kueleza, chini kabisa ya maneno yale ya buluu, na mtu akasema amekula rushwa ya kijiji chake. Alisukumwa. Alivunjika mkono.

Dereva alimaliza kwa kusema, "Na pale ukutani wameandika ati ukikwama, tupo. Watu wa kompyuta wana matusi."

Sikumaliza kupakia. Nilichukua mfuko wangu. Nilijiambia naenda kumwona Mama Wanja, lakini ukweli ni kwamba nilienda kuyafuta yale maneno. Nilinunua rangi nyeupe kopo moja, ya mafuta, na brashi pana.

Siakago nilifika saa tatu asubuhi, jua limeshakuwa kali. Kioski nilikiona kwa mbali, na foleni mbele yake, foleni iliyonyooka. Maneno yalikuwa pale, hayajapauka hata kidogo. Chini yake mtu alikuwa amepaka mstatili mkubwa mweusi, kama ubao wa darasa, na ndani yake kulikuwa na majina ya vijiji, siku, saa na idadi ya mitungi, kwa chaki. Herufi nilizijua kabla sijamwona mwenyewe.

Alikuwa ameketi juu ya kreti, na ile kofia. Alikuwa amekonda. Miguuni pake palikuwa na simu ndogo ya vitufe, na kila mara ilipolia aliitazama, akasikiliza, akainuka, akafuta mstari mmoja kwa kiganja na kuandika mwingine. Mama Wanja alikuwa dirishani kwa kioski, mkono wake mmoja kwenye kitambaa, akigawa maji kwa mwingine. Baadaye aliniambia Fundi alikuja siku tatu baada ya vurugu. Hakueleza neno. Alipaka ule weusi, akauliza zamu zilikuwaje zamani, na tangu hapo hajakosa siku hata moja. Analala kwenye stoo ya nyuma. Kazi za mabango anazikataa.

Nilisimama mbele yake na kopo langu.

"Mpita-njia," akasema. Hakuniambia nishike ngazi.

"Nimekuja kufuta."

"Kufuta nini?"

"Hiyo. Ni uongo. Wamekufanya mwongo, na mimi nimekufanya mwongo. Hebu nipe ngazi."

Alilitazama kopo, akalisoma jina la rangi polepole. "Nilitaka kufuta siku niliyokuja. Nikapanda kabisa. Huyu mama akaniuliza nikishafuta, watu wakikwama waende wapi." Akanyanyua bega. "Mimi niliandika tupo. Kwa mafuta. Sikungoja mvua. Mtu aliyeandika kwa mafuta lazima awepo."

"Si wewe uliyeahidi. Ni Mutwiri."

"Alama pale chini ni ya Mutwiri?"

Nilikasirika sana, naye nikamkasirikia, kwa kuwa mzee, kwa kukonda, kwa kuketi juani akifanya kazi ya kompyuta iliyouzwa na watu wenye viatu vyeupe. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia kwamba Mutwiri yuko Nairobi kwenye kiti kinachozunguka na hajui kama yeye Fundi yu hai. Nilimwambia anajiua bure. Nilisema mambo mengi, na watu wa foleni waliacha kuzungumza wakasikiliza. Nilipotulia, Fundi akaniambia kwamba Kendi humpigia simu kila jioni. Anaunda programu nyingine, yake mwenyewe, isiyotegemea mbao za mtu. Bado haijawa tayari. "Hasemi lini," Fundi akasema, na nikasikia kwamba anajivunia.

Kisha akakohoa, kikohozi kirefu, cha mtu aliyelala kwenye stoo yenye saruji. Alipomaliza alisema, "Alhamisi natakiwa hospitali ya Embu. Nimekosa mara mbili. Ubao hauwezi kukaa peke yake."

Nikajua anachouliza, ingawa hakuuliza. Mfuko wangu ulikuwa begani. Meru mjini kulikuwa na kazi inayoningoja, na hata isingeningoja, miguu yangu ilikuwa tayari imeshachoka na mahali hapa.

"Nitakuwepo," nikasema.

"Usiniambie mimi."

Nilimgeukia Mama Wanja pale dirishani. Foleni yote ilikuwa ikinitazama, na mwanamke wa kwanza alikuwa ameweka mtungi chini. Nilisema, "Mama, Alhamisi nitakuwepo hapa kwenye ubao." Sauti ilitoka ndogo. Fundi akaweka kiganja nyuma ya sikio, kwa ubaya tu, nikarudia kwa nguvu.

Akainuka, akatafuta mahali chini ya Alhamisi, akaandika jina langu lote, na la baba yangu. Sikujua kwamba analijua. Aliandika kwa chaki.

"Fundi," nikamwambia, "majina huwa unayaandika kwa mafuta. Siku hiyo hiyo. Na kopo hili hapa."

Akafuta vumbi la chaki kwenye suruali, akanitazama vile alivyokuwa akitazama ukuta ambao bado una unyevu, usioweza kushika mafuta.